Pima mvua kwa chupa na bomba la sindano

Milimita za mvua ni kina cha maji ambayo yangesimama juu ya ardhi kama yasingetiririka wala kunywewa na udongo. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba.

Kata chupa ya lita 1.5 pale mabega yanapoanza. Pindua kipande cha juu, bila kifuniko, ukitumbukize ndani kiwe faneli. Bila hicho jua litakausha maji kabla hujapima.

Pima kipenyo cha mdomo mpana wa faneli. Kikiwa sentimita 9, eneo ni 3.14 × 4.5 × 4.5, yaani sentimita za mraba 63.6, hivyo kila milimita ya mvua huingiza mililita 6.36. Saa 3 asubuhi kila siku vuta maji yote kwa bomba la sindano, ugawanye kwa 6.36: mililita 70 ni milimita 11. Usitumie rula, kwani kitako cha chupa kina mabonde.

Makosa makubwa hutokana na mahali. Mti wa mita 5 uwe umbali wa mita 10 au zaidi. Mdomo uwe sentimita 30 juu ya ardhi, matone ya chini yasirukie ndani.