Jinsi ya kumpa jina mnyoo wa kilindi cha bahari ukiwa umekaa zako Dodoma

Mbukwenyi wadau. Kila nikisema kazi yangu ni minyoo ya baharini watu wanacheka kwanza, afu wanauliza we si unakaa Nkuhungu, bahari ipo wapi huku? Haipo. Mpaka Dar ni kama kilomita 450 za barabara na mtaani kwetu hata maji ya bomba tunayasubiria kwa zamu. Ila mnyoo akishatolewa kule chini mita 2000 na kutiwa kwenye ethano hajali tena yupo mji gani, kumtambua kunataka meza, mwanga, maikroskopu na subira. Na mji wenyewe wazee wanasema jina lake limetoka kwenye "idodomya", imezama, kwa hiyo msinione nimepotea njia.

Vijana wawili watatu waliomaliza baiolojia wameniomba niwaelekeze, nikaona niandike mara moja nipumzike. Nitaenda hatua kwa hatua, ila hatua hazilingani, nyingine ni dakika tano na nyingine inakula miezi.

Hatua ya 1: Jua kwanza unaongelea nani

Nenda soko la Majengo kamuulize mama anayeuza mlenda mkavu. Mi nilimuuliza, mama huu ni mlenda gani, akaniangalia kama mtoto aliyepotea, "mlenda si mlenda tu mwanangu, nikupimie wa mia tano?" Baadaye alivyoona nang'ang'ania akanitengea mafungu matatu, kila fungu mmea wake na jina lake la Kigogo, na kweli ukiangalia majani hayafanani hata kidogo. Mlenda ni jina la chungu, halikuambii nani ni ndugu wa nani shambani.

Basi "polikaeta", jina tulilofundishwa shuleni la minyoo ya bahari yenye vimiguu vya pembeni na nywele ngumu, nalo ni mlenda. Linafaa kwa mazungumzo. DNA imeonyesha kwamba nyungunyungu wa majaruba ya mpunga kule Bahi anatokea ndani ya ukoo huohuo, na wale waliokuwa na faila zao wenyewe (faila ni kundi kuu kabisa la wanyama), Sipuncula na Echiura, nao wamerudishwa ndani ya Annelida, faila ya minyoo ya pingili. Kwa hiyo ukisema "hii ni polikaeta" umesema kitu, lakini hujaanza kazi.

Hatua ya 2: Lebo, tena kwa penseli

Hapa nisikilize vizuri. Nilipoanza niliandika lebo kwa kalamu ya biki, mwandiko msafi kabisa, nikazitumbukiza ndani ya vichupa kumi na moja nikaenda zangu kula chips. Asubuhi nakuta ethano imekuwa ya bluu kama soda na karatasi nyeupe pe. Minyoo ipo, nani katoka wapi sijui, na mnyoo asiye na kituo, kina na tarehe ni nyama tu. Penseli haiyeyuki. Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu isiyoloweka, iweke NDANI ya kichupa, ile ya kubandika nje ni ya kukusaidia kutafuta tu, itabanduka.

Uliza pia sampuli ilihifadhiwa na nini. Fomalini inaacha mwili mzuri lakini inaharibu DNA, ethano inatunza DNA lakini mnyoo anakuwa mkavu wa kukatika ovyo. Wanaojua kazi kule melini wanampiga picha akiwa bado na rangi zake, wanakata kipande kidogo kinaenda kwenye ethano, mwili unaingia fomalini. Na kama walitia ile rangi ya pinki, rozi bengali, ili minyoo ionekane kwenye tope, ujue DNA inaweza kukusumbua.

Jambo la huku kwetu: ukame. Mwezi wa tisa na wa kumi kifuniko kikilegea kidogo ethano inapaa yote. Mi kila Jumamosi napita nakaza vifuniko. Na usipakie chupa za ethano kwenye basi, inashika moto hiyo, wakikukatalia wana haki. Mimina ibaki kidogo sana, mfunge mnyoo kwenye kitambaa kilicholoa, mifuko miwili, na uulize utaratibu kabla hujafika stendi.

Hatua ya 3: Mshushe mpaka kwenye familia

Tope la kilindi kwa kawaida linachujwa kwa chekeche la mikroni 300, kwa hiyo wengi utakaopata ni wadogo kuliko punje ya uwele na wengi wamekatika. Weka kwenye kisahani chenye ethano, washa taa ya pembeni siyo ya juu, na kibano chenye ncha laini. Angalia kichwa: kina papasio ngapi, vile vya kugusia, macho yapo au hamna (kilindini wengi hawana). Angalia vimiguu, matawi mawili au moja. Afu chomoa kimiguu kimoja cha katikati ya mwili, upande mmoja, kiweke kwenye kioo chini ya lenzi kubwa uone zile nywele, kaeta, maana jibu la familia nyingi liko hapo: zilizonyooka, zenye ndoano, zenye kiungo kama goti.

Mfano mmoja. Kuna familia ya Polynoidae, wana magamba mgongoni yamepangwa jozi jozi kama vigae. Lepidonotus ana jozi 12, Harmothoe jozi 15. Rahisi eh? Sasa magamba yenyewe yanadondoka ukimgusa tu, kwa hiyo unakuta mnyoo yupo uchi na magamba yamezagaa chini ya kichupa, yamechanganyika na ya mwenzie. Usihesabu magamba. Hesabu vikalio vyake, vile vinundu yalipokuwa yameshikia, hivyo havidondoki. Hili nililijua baada ya kuandika ripoti ya uongo bila kukusudia na kuirudia yote.

Kwa wale wanaojenga vijibomba, kama Maldanidae na Terebellidae, kuna rangi ya kijani ya methili: mloweke dakika chache, suuza, utaona sehemu zimeshika rangi na sehemu hazijashika, na mchoro ule unasaidia kutofautisha spishi. Ukimrudisha kwenye ethano rangi inatoka, kwa hiyo piga picha fasta.

Na usitupe mkia, hata kipande. Kuna wale minyoo wembamba wasio na mdomo wala utumbo, pogonofora, ambao kwa miaka watu walibishana ni ndugu wa nani, na kumbe walikuwa wakivutwa kutoka kwenye tope wanakatika, mwisho wa mwili unabaki chini. Mwaka 1964 ndo mtaalamu Webb akaeleza mkia wenyewe: una pingili na una kaeta, kama anelida wengine! Yaani ushahidi ulikuwa unaachwa chini baharini kila siku.

Hatua ya 4: DNA, lakini usiisujudie

Mi sina mashine nyumbani, natuma kipande maabara. Kinachosomwa mara nyingi ni jeni iitwayo COI, kipande cha herufi kama 650, na wengi wanaongeza jeni nyingine, 16S na 18S. Ukipata mfuatano unaulinganisha na iliyopo GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA. Kosa la wageni ni kuchukua jina la kwanza linalotokea juu. Jamani, likija kwa mfanano wa asilimia 84 maana yake ni kwamba mwenyewe hayupo humo, huyo ni jirani tu aliyefungua mlango.

Na hakikisha umesoma DNA ya mnyoo, siyo ya chakula chake. Xenoturbella, mnyoo kama soksi iliyotupwa, alipewa jina mwaka 1949. Mwaka 1997 DNA ikasema ni jamii ya chaza na konokono, watu wakashangilia, mpaka 2003 ikaonekana ile ilikuwa DNA ya chaza aliowala. Kwa hiyo kata ukuta wa mwili, usiguse tumbo.

Hatua ya 5: Mpe jina la muda, na ukae nalo

Hapa ndo wengi wanakosea, kwa sababu wana haraka ya jina. Ukiwa na uhakika wa jenasi tu, andika sp. na namba yako, mfano Harmothoe sp. 3. Ukiona kama ni spishi fulani ila hujathibitisha, weka cf. katikati. Ukiona anafanana naye lakini si yeye, weka aff. Hizi alama siyo aibu. Kule Pasifiki kati ya Hawaii na Mexico, eneo la Clarion-Clipperton wanakotaka kuchimba madini ya kilindini, makadirio ya mwaka 2023 ni spishi 5578 za wanyama zilizoonekana na karibu asilimia 90 hazina majina rasmi. Zinaishi kwa namba tu, na kazi inaendelea.

Ogopa majina yanayosafiri sana. Ukikuta mwongozo unakupa spishi ambayo mara ya kwanza ilielezwa kutoka Norway, maji ya mita 30, na wako katoka Bahari ya Hindi mita 2000, simama. Watu wa zamani walikuwa wanatumia majina ya Ulaya dunia nzima.

Hatua ya 6: Tafuta kama ana jina tayari

Fungua WoRMS, ile rejista ya viumbe vya bahari, toa orodha ya spishi zote za jenasi hiyo, soma maelezo ya kila moja, ikibidi omba picha za holotaipu. Holotaipu ni mnyoo mmoja tu, aliyetunzwa makumbusho, ambaye jina limefungwa kwake. Maelezo yakipingana na yeye, anayeshinda ni yeye. Hatua hii inachosha na inakula miezi, hamna njia ya mkato.

Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia 1758, kwa Linnaeus, na la kwanza ndo lenye nguvu. Riftia pachyptila, yule mkubwa mwenye shungi jekundu wa kwenye chemchemi za moto za chini ya bahari, alionekana Galapagos 1977, akapewa jina na mtaalamu Jones 1981, 1985 akapewa mpaka faila yake mwenyewe, Vestimentifera. Leo yupo ndani ya Annelida, familia ya Siboglinidae, jina lililotolewa na mtaalamu Caullery 1914, lililotokana na meli ya Kiholanzi iitwayo Siboga. Ukubwa wote ule, kaishia kubeba jina la wadogo zake kama uzi, wale pogonofora wa Hatua ya 3, kwa sababu wao walitangulia.

Hatua ya 7: Tunga jina

Herufi za Kilatini tu, jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo. Jina la spishi likiwa kivumishi lazima likubaliane na jenasi, na hapa sisi tuna bahati maana ngeli tumezinyonya na maziwa: kama ni mtoto mzuri lakini kitabu kizuri, basi ni Alvinella pompejana siyo pompejanus. (Alvinella ni kutoka chombo cha kupigia mbizi Alvin, pompejana ni ule mji wa Pompeii uliofunikwa na majivu.) Ukimpa heshima mwanaume weka -i, mwanamke -ae: mwaka 2020 wenye magamba ya kung'aa waliitwa Peinaleopolynoe elvisi, kwa sababu ya nguo za Elvis Presley, na mwenzie goffrediae. Jina lako mwenyewe usiweke. Sheria haikatazi, ila watakusema.

Na Kiswahili ruksa. Visukuku vya Tanzania vimeshatutangulia: Asilisaurus kongwe 2010, ndugu wa karibu wa dinosaria, na dinosaria mwenyewe Mnyamawamtuka moyowamkia 2019. Osedax, mla mifupa ya nyangumi aliyeelezwa 2004, ni Kilatini cha "mla mfupa" tu, hamna maajabu. Mi naona minyoo bado tumelala.

Hatua ya 8: Lichapishe

Jina uliloandika kwenye lebo au kulitaja mkutanoni halihesabiki. Lazima lichapishwe, useme wazi ni spishi mpya, utaje holotaipu ni yupi na atatunzwa makumbusho gani, na kama chapisho ni la mtandaoni tu, kazi iwe imesajiliwa ZooBank, rejista rasmi ya majina ya wanyama, na usajili uonekane ndani yake. Picha, vipimo, DNA, kina, kituo. Parataipu, yaani wenzie wa holotaipu uliowatumia kwenye maelezo, wagawe makumbusho mbili kama wapo wa kutosha.

Siku moja mtu atamhamishia mnyoo wako jenasi nyingine, na jina lako na mwaka vitawekwa kwenye mabano. Usimpigie simu kugombana, ndo utaratibu, mabano yanamaanisha tu kwamba alizaliwa nyumba nyingine. Sasa hivi mezani nina Harmothoe sp. 3, ana miaka miwili bado ni sp. 3, na leo ni Jumamosi, naenda kukaza vifuniko.