Kujiandaa kwa NCLEX huku unafanya shifti za usiku

Wengi huhesabu muda wa NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, kutoka siku ya mtihani kurudi nyuma. Mimi huwaambia wahesabu kuanzia siku ATT inapoingia kwenye barua pepe, yaani ile ruhusa ya kuchagua tarehe. Kwa kawaida ruhusa hiyo hudumu kama siku 90, haiongezwi, na ikiisha hujafanya mtihani unajisajili upya na kulipa dola 200 nyingine. Dola 200 kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba huku na karo za wadogo zake nyumbani si pesa ya kuchezea.

Nawaandikia wenzangu mliosomea uuguzi Kenya au Tanzania, sasa mko Marekani mnafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye makao ya wazee mkisubiri leseni. Mimi niko Minnesota, nimepita njia hiyo hiyo, na wageni wanaofika huku huniuliza swali moja: nisome saa ngapi?

Jibu langu huanza na makaratasi. Vyeti vyetu lazima vikaguliwe, chuo kitume matokeo, baraza la wauguzi la nyumbani lithibitishe usajili. Kazi hiyo hula miezi, na wengi hukaa tu wakingoja. Hiyo ndiyo miezi ya kusoma misingi: moyo, figo, sukari, maji na chumvi za mwili, dawa. Siku 90 za ATT ziwe za maswali peke yake. Ukifungua kitabu cha moyo kwa mara ya kwanza ATT ikiwa mkononi, umeshachelewa.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Shifti ya usiku huanza saa tano na kuisha saa moja asubuhi. Ukifika nyumbani utaona mchana wote ni wako, lakini sivyo. Akili iliyokesha ikigeuza wagonjwa kila saa mbili haiwezi kutofautisha dalili za potasiamu iliyopanda na iliyoshuka. Lala kwanza. Lala saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, giza chumbani, simu imezimwa. Kisha oga, kula, na ukae mezani saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Saa mbili hizo za akili iliyoamka nazithamini kuliko sita za kusinzia juu ya kitabu. Siku zako mbili za mapumziko ongeza kipindi cha asubuhi, lakini moja kati ya hizo uiachie nusu siku bila kitabu kabisa.

Simu ndiyo itakayokupa taabu. Majira ya joto, saa tatu asubuhi ya Minnesota ni saa kumi na moja jioni Nairobi, na saa tisa alasiri yetu ni saa tano usiku kule. Maana yake usingizi wako wote umeangukia wakati ambao watu wa nyumbani wametoka kazini na wanataka kuongea. Mama hajui kwamba umelala, na hana kosa. Mweleze mapema, kwa upole, kwamba hadi mtihani uishe mtaongea Jumapili kwa saa uliyopanga, na kwa dharura apige kwa mtu mmoja mliyekubaliana ambaye atakuamsha. Vikundi vya harusi na matanga toa mchango wako, kisha nyamazisha. Chama chako waambie wazi una mtihani. Watu wetu wanaheshimu mtihani kuliko tunavyodhani, mradi tu uwaambie.

Kwenye hizo saa mbili za jioni, usifanye maswali mia. Fanya 25. Nitaonyesha kwa nini. Swali linakuambia una wagonjwa wanne, umwone nani kwanza: aliyefanyiwa upasuaji juzi na maumivu yake ni 7 kwa 10, mwenye kisukari ambaye kipimo chake cha sukari ni 180, mwenye COPD (ugonjwa sugu wa mapafu) ambaye oksijeni yake ni asilimia 90, na aliyetolewa tezi ya thairoidi asubuhi, ambaye sasa akivuta pumzi inatoka mlio mkali. Kujibu kunachukua dakika moja: ni huyo wa mwisho, njia yake ya hewa inaziba. Lakini kazi yenyewe ndiyo inaanza hapo. Kwa nini si wa COPD? Kwa sababu 90 kwake ni hali anayoishi nayo, ila kwa kijana aliyefanyiwa upasuaji ingekushtua. Kwa nini si wa maumivu? Maumivu hayo yanatarajiwa. Andika kwenye daftari sentensi moja kwa kila jibu ulilolikataa. Hapo dakika kama tano zimeisha, na umejifunza mambo manne badala ya moja. Hata ulilolipata, lipitie. Huenda ulibahatisha.

Muda wako mwingi uelekeze kwenye usimamizi wa huduma na ugawaji wa kazi. Ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika mtihani, asilimia 15 hadi 21, na ndiyo inayotuangusha sisi. Wodi za kwetu muuguzi hufanya yote: kupima, kuosha, kudunga, kuandika. NCLEX inakuuliza kazi gani umpe CNA, ipi umpe LPN (muuguzi mwenye leseni wa ngazi ya chini), na ipi ubaki nayo. Kumbuka kwamba tathmini ya kwanza, kufundisha mgonjwa na kupima kama matibabu yamefaulu havitoki mikononi mwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Wewe uliye CNA una faida hapa: kila usiku tazama RN anakuagiza nini na hakuagizi nini.

Majina ya dawa na vipimo yape wiki moja tu: paracetamol huku ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Kilo moja ni pauni 2.2.

Wiki tatu za mwisho jipime kwa saa ya mtihani. Una saa 5 kwa maswali yasiyozidi 150, yaani dakika 2 kila moja, na ukishajibu hurudi nyuma. Zile kesi 3 za wagonjwa zenye maswali 6 kila moja zitakula zaidi, kwa hiyo maswali mafupi yasizidi dakika moja na nusu. Kompyuta hufunga mtihani ikishajua kama umefaulu au umeanguka, lakini haiwezi kuzima kabla ya swali la 85. Ikiendelea baada ya hapo usitafsiri chochote. Mtu hufaulu kwenye 85 na hufaulu kwenye 150. Utapewa nafasi ya kupumzika baada ya saa 2, na tena baada ya saa 3 na nusu. Dakika hizo zinatoka kwenye saa zako 5, lakini zichukue, unywe maji, unawe uso.

Omba ruhusa kazini kabla ratiba haijatoka: usiku mbili kabla ya mtihani usifanye shifti, ili mwili uzoee kuamka asubuhi. Na leo hii, kabla ya kitu kingine, weka pasipoti yako kando ya usajili wako na ulinganishe majina. Sisi wenye majina matatu, tuliobadilishiwa mpangilio na kila ofisi, ndio hurudishwa mlangoni, na ada hairudi. Jina la kwanza na la mwisho lazima yafanane na yaliyo kwenye ATT. Ukiona tofauti, piga simu kuisahihisha kabla hujachagua tarehe.