Kuwaza kwa sauti: namna ya kunasa fikra bila kuzivuruga

Wape watu wawili 24 × 36, bila kalamu. Wote watakujibu 864. Mmoja kajumlisha 720 na 144. Mwenzake kaona kwamba namba zote mbili ziko sita kutoka 30, akatoa 36 kwenye 900. Ukipima jibu peke yake, utawatia kapu moja. Kuwaza kwa sauti, yaani mshiriki kutamka fikra zake papo hapo anapotatua swali, hukuonyesha tofauti yao. Mwanasaikolojia John B. Watson, aliyedai mwaka 1913 kwamba saikolojia ishughulike na tabia tu, mwaka 1920 mwenyewe alieleza alivyomtaka mtu awaze kwa sauti. Utaratibu unaotumika leo ulipangwa na watafiti wa fikra K. Anders Ericsson na Herbert Simon miaka ya 1980.

Jaribu kinasa sauti kwanza, kisha keti pembeni, nyuma kidogo ya mshiriki. Akikuona usoni ataanza kukufundisha, na hapo fikra zimeshabadilika. Mwambie: "Sema kila kinachopita kichwani, tangu usome swali hadi ujibu. Usinieleze mimi, ongea kama uko peke yako." Aongee lugha anayohesabia. Mwanafunzi aliyesomeshwa hesabu kwa Kiingereza huenda akachanganya, mwache achanganye.

Mpashe moto kwa maswali mawili matatu. La kawaida ni hili: nyumbani kwenu kuna madirisha mangapi? Ukisikia "sebuleni mawili, jikoni moja, chumba cha mama…", ameelewa. Akisema "kwanza nilikumbuka ramani ya nyumba", anasimulia, rudia maelekezo.

Akinyamaza kati ya sekunde 15 na dakika moja (chagua kipimo kimoja usikibadilishe), sema "endelea kuongea". Basi. Hata "mhm" ya kumtia moyo humwonyesha unachopenda kusikia.

Kosa kubwa ni kuuliza "kwa nini". Wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha mwaka 1977 jaribio la jozi nne za soksi ndefu za kike, zote sawasawa. Jozi ya mwisho kulia ilichaguliwa na asilimia 40, ya kushoto kabisa na 12. Waliochagua walitaja ubora wa soksi. Hakuna aliyetaja nafasi yake mezani. Mtu huweza kukutajia kilichomo kichwani sasa hivi. Chanzo chake mara nyingi hukibuni, tena kwa moyo mweupe.

Kazi iwe ngumu kiasi. Kusoma neno moja hakutoi kitu, maana hufanyika lenyewe. Fumbo zito mno hukuletea kimya.

Nukuu rekodi neno kwa neno pamoja na vituo vya kimya, uikate vipande vya wazo mojamoja. Andaa alama za kuainisha ("kugawa namba", "kutumia 30") kabla ya kusikiliza, na watu wawili waainishe bila kuonyeshana. Kappa ya Cohen (kipimo cha jinsi waainishaji wawili wanavyokubaliana, ukiondoa bahati tu) ikishuka chini ya 0.6, andika upya maana za alama.

Weka pia kundi linalofanya hesabu zilezile kimyakimya. Wanaoongea huchelewa, hilo ni la kawaida. Lakini wakianza kupata au kukosa zaidi ya wenzao, maelekezo yako yamewageuza wasimulizi.