Kabla ya kuinua keni: maji katika bustani ya nyumbani

Mwezi Julai, wakati wingu linapoufunika Mlima Kilimanjaro kuanzia asubuhi hadi jioni, niliitwa na mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi mjini, aliyekuwa amepanda nyanya katika ndoo za rangi alizozipanga kando ya ukuta. "Bwana shamba," alinieleza, "nazimwagilia asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja, mbona zinanyauka?" Kwa ruhusa yake niling'oa mche mmoja. Mizizi iliyopaswa kuwa myeupe ilikuwa ya kahawia, na nilipoivuta, ganda lake lilichomoka likabaki vidoleni, huku udongo wa chini ukitoa harufu ya dimbwi. Ndoo ile haikuwa na tundu hata moja.

Mizizi hunywa maji, lakini pia hupumua. Udongo unapolowa kwa siku nyingi mfululizo, maji huchukua nafasi ya hewa, mizizi hukosa pumzi na kuoza, na mche usio na mizizi mizima hauwezi kupandisha maji hata kama umesimama ndani yake. Majani hulegea kana kwamba yana kiu, na mwenye bustani, kwa huruma, huongeza keni nyingine. Katika nyumba ninazozitembelea, miche inayokufa kwa huruma ya namna hii ni mingi kuliko inayoliwa na wadudu.

Njia ya kupima haina gharama. Chomeka kidole kwenye udongo, kandokando ya shina, hadi kiungo cha pili: kikitoka na udongo mbichi ulioganda, acha kumwagilia siku hiyo; kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yapenye chini kabisa, si kulowesha juu tu, kwa sababu umwagiliaji wa juujuu huilea mizizi karibu na uso wa udongo, ambako jua la Januari na Februari huikausha upesi. Ratiba ya kumwagilia isiyobadilika mwaka mzima haifai mji huu. Bustani inayohitaji maji kila siku mwezi Februari inaweza kukaa siku tatu au nne bila maji mwezi Julai, na wenzetu wa Kibosho au Marangu, ambako mvua ni nyingi kuliko huku chini, hukaa zaidi.

Mwagilia asubuhi, na maji yaelekezwe kwenye shina. Majani ya nyanya yanayolala yakiwa yamelowa katika baridi ya Juni na Julai hualika bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu unaoweza kumaliza bustani ndogo ndani ya siku chache. Maji yasiyo na mpangilio, leo ukame na kesho mafuriko, nayo huleta lile doa jeusi kwenye kitako cha tunda, ambalo wengi hulipigia dawa ya wadudu bila faida yoyote.

Si kila mnyauko unatokana na maji, hata hivyo. Mche wa nyanya ukilegea ghafla huku majani yakiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi, kisha subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome moto, na mahali hapo usirudishie nyanya, bilinganya, pilipili hoho wala viazi mviringo. Panda mahindi, au mboga nyingine isiyo ya ukoo huo. Usiutupe kwenye shimo la mboji.

Matandazo hupunguza kazi ya keni, na Moshi hatuna udhuru, kwa kuwa majani makavu ya migomba yapo kila kona. Tandaza unene wa sentimita 5 hivi, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina ili lisioze. Samadi iwe imeoza kwa miezi mitatu au zaidi, maana ile mbichi huunguza mizizi. Vidukari wachache chini ya majani ya sukuma wiki huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo.

Ndoo za yule mama tulizitoboa kwa msumari uliochomwa moto, matundu sita chini ya kila moja, tukaziinua juu ya vipande vya matofali ili maji yapate pa kutokea. Udongo tuliuchanganya upya: madebe mawili ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza na moja la mchanga. Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja wa nyanya; yeye alikuwa amepanda mitatu mitatu, na kuipunguza ndiyo kazi iliyomuuma kuliko zote.