Soma wimbi la ubongo ukimtazama mwenye ubongo

Kazi yangu ni kupima EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Kila mwanafunzi ninayepewa huanza kwa kukodolea skrini, nami humgeuza kiti amtazame mgonjwa. Wimbi zito la polepole ni afya kwa aliyelala fofofo, lakini kwa mtu mzima aliye macho ni jambo la kutia wasiwasi. Mashine haijui yupi kalala. Wewe ndiye unayejua.

Hatua ya 1: Shughulikia kichwa kwanza

Umeme tunaoutafuta ni mdogo mno, mikrovolti 10 hadi 100 hivi, ilhali ule wa moyo ukipimwa kifuani hufika milivolti 1. Kwa hiyo mafuta ya nywele au rasta za kubandika hukupotezea asubuhi nzima. Mpigie mgonjwa simu siku moja kabla: afumue nywele, azioshe kwa sabuni, asipake kitu. Anayevaa hijabu mwandalie chumba chenye faragha kabla hajaomba.

Chukua tepu, pima kutoka kibonyeo cha juu ya pua, kati ya macho, hadi kinundu cha kisogoni. Ukipata sentimita 36, alama ya kwanza ni sentimita 3.6, yaani asilimia 10. Zinazofuata huachana kwa sentimita 7.2, yaani asilimia 20. Ndiyo maana mpangilio huu huitwa 10-20. Sugua ngozi taratibu, weka krimu, bandika elektrodi, yaani visahani vya chuma vinavyonasa umeme, penye alama, hakikisha ukinzani, yaani jinsi ngozi inavyozuia umeme, uko chini ya kiloomu 5. Ukiona mstari mnene wa mizunguko 50 kwa sekunde, huo ni umeme wa ukutani. Usikimbilie filta, rudi ukasugue tena.

Hatua ya 2: Mwambie afumbe macho

Tazama O1 na O2, elektrodi za kisogoni. Baada ya sekunde moja hivi vitatokea vilima vya mviringo vilivyofuatana, kama 10 kwa sekunde. Huo ni mdundo wa alfa, kati ya 8 na 13, ule ule ambao Hans Berger aliutangaza mwaka 1929 kutoka Jena, Ujerumani, miaka mitano baada ya kurekodi ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Mwambie afungue macho. Vilima vinazama. Rudia mara tatu, na kila mara andika "amefumba" au "amefungua" pale pale kwenye rekodi.

Hapa wengi hupotoka: hudhani wimbi kubwa ni ubongo unaofanya kazi kubwa. Elektrodi haioni seli moja. Inaona mikondo midogo kwenye maungio ya maelfu kwa maelfu ya seli zilizosimama sambamba katika gamba la ubongo, kama mabua ya mahindi shambani. Zikipanda na kushuka kwa pamoja, mikondo hujumlishana na wimbi huwa refu. Macho yakifunguka, kila kundi hushika kazi yake, mikondo hukatana, na mstari hubaki na vikwaruzo vidogo vya haraka. Seli zimo kazini. Zimeacha tu kwenda mguu sawa.

Hatua ya 3: Mwambie akunje ngumi

Hamia C3 na C4, juu kidogo ya masikio kuelekea utosini. Kwa baadhi ya watu utaona mdundo wenye umbo la matao, kasi yake kama ya alfa. Unaitwa myu. Haujali macho, unajali mikono. Akijiandaa kukunja ngumi ya kulia, myu ya C3, upande wa kushoto, huanza kufifia hata kabla kidole hakijasogea. Wakati mwingine kuwaza tu kukunja kunatosha.

Hatua ya 4: Mwache asinzie

Zima taa, nyamaza. Alfa hukatikakatika, macho huviringika polepole, mawimbi ya theta, 4 hadi 8 kwa sekunde, hushika nafasi. Kisha huja spindeli: fungu la mawimbi 11 hadi 16 kwa sekunde, jembamba mwanzoni, nene katikati, jembamba tena, likidumu sekunde moja au mbili.

Chanzo chake kiko ndani, kwenye thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha habari kwenda kwenye gamba. Fikiria watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili: mmoja hushusha mwenzake akiinua. Tabaka jembamba linaloizunguka thalamasi huzikandamiza seli za ndani. Mkandamizo huo huziweka tayari njia za kalsiamu, yaani vijilango vya seli vinavyopitisha chembe za kalsiamu zenye umeme, na ukilegea seli hufyatuka kwa mkupuo, mkupuo huo huliamsha tabaka, nalo hukandamiza tena. Gamba la ubongo hupokea mdundo huo, nasi tunausoma juu ya ngozi. Usingizi ukikolea huja delta, chini ya 4 kwa sekunde.

Hatua ya 5: Apumue kwa nguvu dakika 3

Uliza kwanza kuhusu selimundu, moyo, mapafu na kiharusi. Mwenye mojawapo, ruka hatua hii, hata daktari akiwa na haraka.

Mtoto mpe kititia cha karatasi akipulize. Niliwahi kumpima binti wa miaka minane aliyekuwa akichapwa shuleni kwa "kuzubaa". Dakika ya pili kititia kilisimama. Mdomo wazi, macho mbele, na skrini nzima ikajaa miiba na mawimbi, 3 kwa sekunde, pande zote mbili. Ni kinu kile kile cha thalamasi na gamba, safari hii kikitwanga mtoto akiwa macho. Hiyo ni aina ya kifafa, na dawa ya ethosaksimaidi husaidia kwa kupunguza mikondo ile ya kalsiamu. Nilimwambia kwa sauti, "Embe." Baada ya sekunde tisa akaendelea kupuliza kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nimekuambia neno gani, mwanangu?"

"Hujaniambia kitu, shangazi."

Niliandika chini ya mawimbi: kititia kimesimama, neno "embe" halikusikika, amerejea mwenyewe. Mama yake akaomba nakala ya karatasi hiyo ampelekee mwalimu.