Jinsi ya kumtafuta babu aliyeenda vita ya Burma asirudi

Familia nyingi huku kwetu zina mtu wa hivi, kijana aliingia Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) wakati wa vita ya Hitler, akapandishwa meli kwenda Burma, Myanmar ya leo, na ndo ikawa basi, kilichobaki ni jina tu wanarithishwa wajukuu. Kumfuatilia inawezekana na wala sio gharama.

Anza na wazee kabla hujagusa simu. Usiulize alikufa mwaka gani, utajibiwa "zamani hizo". Uliza aliondoka na nani, alikuwa ameoa au bado, nani alikuwa anapokea hela yake, taarifa ya msiba ilitoka bomani au ililetwa na jumbe. Hapo ndo karatasi zinaanza kutokea, kuna mabibi wamefunga barua ya serikali kwenye kanga chini ya sanduku miaka yote hiyo. Ukiipata tafuta namba ya jeshi, jina baadae, maana makarani waliandika walivyosikia, Mohamedi unaweza kumkuta Mahomed na ubini hakuna.

Halafu ingia tovuti ya CWGC, ile tume inayotunza makaburi ya vita, kutafuta ni bure. Kama huna namba jaribu jina kwa spelingi zote unazoweza kufikiria. Na usichague King's African Rifles peke yake, wazee wote wanasema Keya ila wengine walikuwa mizinga au madereva, utamkosa hivihivi. Ukimpata utaona cheo, kikosi, tarehe na jina lake limechongwa wapi. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana wako Rangoon Memorial, mnara wa kumbukumbu uliopo Taukkyan hukohuko Burma, majina karibu 27,000.

Tarehe isome vizuri jamani. Ikiwa 12 Februari 1944 na alikuwa mizinga, kuna uwezekano mkubwa hakufika hata Burma, siku hiyo meli ya Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kama dakika 2 tu, walikufa 1,297. Ikiwa mwisho wa 1944 na alikuwa Keya kweli, angalia kama batalioni yake ilikuwa divisheni ya 11, wale wa nembo ya kifaru (mnyama, sio kile cha vita), walipita bonde la Kabaw kwenye mvua, tope na malaria mpaka wakavuka mto Chindwin. Ila usimwandikie risasi kama huna ushahidi, CWGC mara nyingi haisemi mtu kafa kwa nini.

Ukitaka zaidi, kumbukumbu za kila siku za vikosi zipo National Archives kule Kew, London, faili za WO 172, japo jina la askari wa kawaida Mwafrika humo usilitegemee sana.

Ukikuta jina limekosewa, CWGC wanapokea marekebisho, piga picha ile barua ya bibi pande zote mbili uwatumie.