Somo: Kufuatilia ukoo wa jeni za GST kwenye muhogo

Mkulima wa Misungwi akipiga atrazine, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi, magugu yanakauka na mahindi yanaendelea kama hayakuguswa. Angekuwa amechanganya maharage humo humo, yangeondoka pamoja na magugu. Mwaka 1970 Frear na Swanson, watafiti wa Marekani, walieleza kimeng'enya cha mahindi kinachoigandisha atrazine kwenye glutathioni, molekuli ndogo ya asidi amino tatu. Ikishagandishwa hivyo, sumu haina makali tena, na seli huisukumia kwenye vakuoli, mfuko wa kuhifadhia vitu ndani ya seli. Kimeng'enya hicho ndicho glutathioni S-transferesi, kwa kifupi GST.

Sasa, atrazine imeingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. GST zilikuwepo kwenye mimea mamilioni ya miaka kabla ya hapo. Zilikuwa zikifanya nini? Mahindi yenyewe yanatoa jibu moja: GST iitwayo Bronze2 inahitajika ili rangi ya zambarau ifike kwenye vakuoli. Ikiharibika, punje hutoka na rangi ya shaba. Dawa ya magugu imekuta kazi za zamani zikiendelea.

Ili kuona ukoo wa GST ulivyo, tutatumia muhogo, maana ndio zao letu, na jenomu yake (jumla ya DNA yake yote) iko wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 1: faili. Ingia Phytozome, hifadhi ya mtandaoni ya jenomu za mimea, tafuta Manihot esculenta (jina la kisayansi la muhogo), pakua protini. Chagua faili lenye transkripti (nakala ya jeni) kuu moja kwa kila jeni. Ukichukua faili zima, jeni moja itajitokeza mara mbili tatu na utatangaza ukoo mkubwa kuliko ulivyo. Pakua pia faili la GFF lenye mahali pa jeni, utalihitaji mwishoni. Mwenye bando la usiku alitumie hapa.

Hatua ya 2: msako. Tumia HMMER, programu ya kusaka protini kwa ruwaza, na ruwaza mbili za Pfam, hifadhi ya ruwaza za protini: PF02798 (nusu ya mwanzo ya GST) na PF00043 (nusu ya mwisho). Kikomo cha E (kipimo cha uwezekano wa kufanana kwa bahati tu; kidogo ndicho bora) cha 1e-5 kinatosha kwa kuanzia. BLAST, inayolinganisha mfuatano mmoja na mwingine, peke yake huwaacha ndugu wa mbali.

Hatua ya 3: panga mifuatano, kisha itazame kwa macho yako. Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo somo lilipo. Panga kwa MAFFT, programu ya kuweka mifuatano sambamba, fungua matokeo (kila herufi ni asidi amino moja), anza na nusu ya mwanzo. Humo ndimo glutathioni inamokaa, na utaona nguzo za herufi zinazofanana toka juu hadi chini. Shuka kwenye nusu ya mwisho, panapokaa sumu yenyewe: herufi zimetawanyika. Mageuko yamelinda mkono unaoshika glutathioni na kuuachia huru mkono unaoshika kila kitu kingine.

Ukiwa hapo hapo mwanzoni, tafuta asidi amino inayofanya kazi. GST za mimea zina makundi kadhaa: kwenye tau na phi ni serini. Kwenye DHAR na lambda ni sisteini, na herufi hiyo moja inabadilisha kazi: hawa hawagandishi sumu. DHAR, kwa mfano, hurejesha vitamini C iliyotumika. Kwa hiyo ukiandika kwenye ripoti kwamba "GST zote zinaondoa sumu", nitakurudishia.

Hatua ya 4: mti. Changanya za muhogo na GST za Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara uliochunguzwa sana, ambazo ni takriban 55 (tau 28, phi 13), uendeshe IQ-TREE, programu ya kuchora mti wa ukoo. Za muhogo zitajipanga kwenye makundi yenye majina tayari. Physcomitrella, mmea mdogo usio na mishipa, una phi lakini hauna tau; ukiuongeza utaona tau ni kundi lililochipuka baadaye na kuzaana sana.

Hatua ya 5: mahali. Weka jeni zako kwenye kromosomu 18 za muhogo. Tafuta zinazopangana bega kwa bega. Arabidopsis ina GSTU1 hadi GSTU7 kwenye mstari mmoja, kromosomu ya 2. Mstari wa namna hiyo hutokea jeni inaporudufiwa palepale. Nakala ya ziada aghalabu hufa. Ikipona, hugawana kazi na ya awali au huokota kazi mpya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Kama mahindi yana GST nyingi hivyo, mbona glyphosate, dawa nyingine ya magugu, inayaua?*

Marahaba. Kwa sababu GST haziigusi. Glyphosate inaziba kimeng'enya kingine, EPSPS, kinachosaidia mmea kutengeneza baadhi ya asidi amino, na mimea mingi haina njia ya haraka ya kuivunja. Wingi wa jeni hausaidii kama hakuna hata moja yenye nafasi ya molekuli hiyo.

*Mkuu, sumu ya muhogo mchungu nayo inaondolewa na GST?*

Hapana. Ile ni linamarini, muhogo unaitengeneza wenyewe na kuihifadhi kwenye vakuoli, mbali na linamarase, kimeng'enya cha kuivunja, iliyo kwenye ukuta wa seli. Tunapovundika muhogo kwa ajili ya udaga, seli zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, sianidi inatoka. Mmea wenyewe huimeza sianidi kwa kimeng'enya cha ukoo tofauti, beta-sianoalanini sinthesi.

*Nimepata protini ndefu kuliko zote na ina ruwaza zote mbili. Ni GST mpya?*

Tazama mkia wake. Yaelekea ni eEF1B-gamma, ya kutengeneza protini, iliyobeba kipande cha GST. Itoe.

*Sina laptop, nina simu tu.*

BLAST ya Phytozome na MAFFT ya mtandaoni zinafunguka kwenye simu. Mti utume iTOL, tovuti ya kuonesha miti. Ila hatua ya 3 azima kompyuta, kioo cha simu hakikuoneshi nguzo.